Usingizi wa Mchana

Leo usiku naendesha lori la saruji, kwa hiyo mchana huu mdogo wangu amenitundikia dirishani kanga iliyoloweshwa maji, nilale kwa ubaridi. Harufu yake ya pamba mbichi na sabuni ya mche inanirudisha utotoni, nyumbani kwetu Chumbageni.

Siku moja baba alikuwa amerudi alfajiri na lori, na magharibi angesafiri tena. Mama alilowesha kanga vivyo hivyo, kisha akaniketisha mlangoni na jogoo mapajani, nimshike mdomo asiwike. Manyoya yake yalikuwa ya moto, na moyo wake ulidunda viganjani mwangu.

Akaja utingo wa baba, macho mekundu. "Shemeji, mwamshe. Mzigo uko tayari, na tajiri anasema asipokuja sasa hivi gari anampa mwingine."

"Ampe," mama akasema. "Gari lina tairi la spea. Mimi mume wa spea sina."

Utingo akacheka, kisha akaegemea nguzo na kufumba macho akiwa wima.

"Na wewe umelala saa ngapi?" mama akamuuliza.

Mama akamtandikia mkeka barazani. "Lala. Tajiri atangoja."

Nikamkaza jogoo mdomo. Sasa nilikuwa nalinda usingizi wa watu wawili.