Sauti Iliyomo Ndani ya Tarumbeta

Mpiga tarumbeta wetu huing'arisha tarumbeta yake mpaka ukiitazama unaweza kunyoa ndevu, lakini ndani hajawahi kuiosha. "Ukiiosha, sauti inatoka na maji," hutuambia, na hakuna wa kumbishia, maana anapiga kweli. Kabla ya kila wimbo huvuta pampu yake ya pumu, hukaza midomo, huinua bega moja kama anayempisha mtu mlangoni. Mimi mpiga ngoma nimezoea kuliangalia bega hilo: likianza kutetemeka, najua pumzi inamkatika, naongeza mapigo kumfichia aibu. Daktari alimwambia mapafuni mwake mna fangasi, na huenda ndio wanaoichochea hiyo pumu; akamuuliza kama analala penye unyevu na ukungu. "Nalala pakavu, daktari!" Alitusimulia hayo akicheka mpaka akakohoa.

Jumamosi, katikati ya harusi, bega lilitetemeka, likagoma kushuka. Nikapiga ngoma kama mwehu. Akakaa chini, kifua kikipiga mluzi, pampu ikamponyoka. Mkewe, anayeimba nasi, aliiokota akamshikia mdomoni mpaka akavuta, kisha akachomoa bomba la tarumbeta na kupenyeza kitambaa. Kilitoka cheusi, kinanuka kama kiatu kilichoachwa na maji ndani.

"Baba, hiki ndicho unachokivuta?" mkewe akamuuliza.

Mumewe alitweta, macho kwenye kile kitambaa. Mkewe alipokipenyeza tena, mumewe alinyoosha mkono, sote tukadhani anataka pampu.

"Taratibu, mama," alinong'ona. "Niachie sauti kidogo."