Karata za Kogo za Maua ya Buluu

Enzi zetu, na msinicheke kwa kusema enzi zetu wakati sijafika hata thelathini, likizo ya Desemba hapa Eldoret ilinukia mahindi makavu. Kwetu Kimumu magunia yalijaa mpaka sebuleni. Tulilala na mahindi, tukaamka na mahindi, na vidole gumba viliota malengelenge kwa kupukuchua. Mashine zilikuwepo, lakini Kogo, nyanya yetu mzaa baba, alisema mashine zinavunja punje. Siku hizi mtoto akichambua kikombe kimoja cha maharagwe anajipiga picha, dunia ione alivyoteseka.

Tulivumilia kwa sababu ya karata. Kogo alizipata ndani ya mfuko wa koti la mtumba, pakiti nzima, migongo yake imechorwa maua ya buluu. Jioni, baada ya chai ya maziwa ya ukweli, sio hii ya sasa inayofanana na maji ya mvua, tulikaa kwa mkeka, mimi, binamu yangu Kibet na Kogo. Tulicheza ule mchezo wa kufuatisha namba au alama, mpaka mtu aseme "niko kadi", yaani amekaribia kumaliza, halafu amalize. Atakayebaki wa mwisho anapukuchua debe zima.

Kogo hakubaki wa mwisho hata siku moja. Alikuwa anatabasamu, anakaza kitambaa chake kichwani, kisha anatoa karata ya kukukata maini. Kibet aliapa kwamba nyanya anaongea na malaika.

"Pukuchua, kijana," Kogo alimjibu. "Malaika hawali ugali."

Halafu mwaka mmoja akaacha kucheza. Alisema karata zimezeeka kama yeye, akazifungia kwa mkebe wa biskuti. Sisi tulikuwa tumeshapata simu, kwa hivyo hakuna aliyeuliza.

Desemba iliyopita nilikuwa natafuta misumari, nikaufungua ule mkebe. Sasa, mimi nina ndoto ya kufanya mazingaombwe ya karata mbele ya watu, hata kama ni wanafunzi wa chuo cha Chepkoilel wanaokula chipsi. Kwenye video nimeona kuna karata za wanamazingaombwe zenye alama za siri mgongoni. Nikaangalia yale maua vizuri. Kwenye ua la pembeni petali moja ilikuwa nyeupe, na kila namba ilikuwa na petali yake. Tisa zote, petali ya chini. Na jani dogo kando ya ua lilionyesha kama ni kopa au shupaza. Nilikaa sakafuni nikacheka mpaka machozi yakatoka. Kumbe miaka yote Kogo alikuwa anatusoma kwa migongo! Madebe yote yale!

Nilimkimbilia nikamkuta ameketi dirishani. Nikampa karata moja, nikamwomba aniambie ni ipi bila kuigeuza. Aliisogeza hadi puani, akaielekeza kwa mwanga, akanirudishia.

"Maua yamefutika," akasema polepole.

Hayakuwa yamefutika. Macho yake ndiyo yaliingia ukungu, na hapo nikaelewa kwa nini aliacha. Hakutuchoka. Aliogopa kukaa nasi halafu ashindwe.

Nilivuta stuli, nikagawa karata. Upande wa mbele namba ni kubwa, akizileta karibu bado anaziona. Mimi nikasoma migongo ya zile alizoshika, na kila alipokwama nikatupa ile hasa aliyoihitaji.

"Niko kadi," akasema, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu shule ya msingi. Mimi nilikuwa na karata mkono mzima. Akamwita jirani kupitia dirisha, akamwambia huyu mtoto amemaliza Form Four na hajui kucheza.

Siku hizi watoto wanacheza karata ndani ya simu na watu wasiowajua. Ukishindwa unabonyeza, unaanza upya, na hakuna wa kukucheka. Zamani nilitamani kumshinda Kogo hata mara moja tu. Sasa kila Jumapili tukitoka kanisani nakaa mbele yake, nahangaika nishindwe bila yeye kushuku, na sijawahi kufanya kazi yoyote kwa ustadi kama huo. Jumapili iliyopita alinishinda mfululizo mpaka akanionea huruma. Alinishika mkono, akaniambia nisijali, polepole nitajifunza.