Pampu Iliyooshwa kwa Petroli

Nyuma ya kila risiti ya duka letu la vipuri kuna masharti saba ya waranti, kwa herufi ndogo ambazo mwenye macho mazima anazisoma dirishani na mwenye miwani anakata tamaa. Mimi ndiye niliyeyachapa. Bosi alikuwa akiyatamka huku anatafuna karanga, mimi naandika, na tulipofika la nne akaniambia nipunguze herufi ili yote yaenee. Nikazipunguza. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani nimekaa hapa kujisafisha.

Ninayetaka kumweleza ni mjomba wangu, kaka wa marehemu mama yangu, fundi wa magari ambaye mtaa mzima unamwita Sabuni. Jina hilo lilitokana na tabia yake moja: kila alichokitoa kwenye gari la mtu alikiosha. Beringi ikifa, anaitumbukiza kwenye kopo la petroli, anaisugua kwa mswaki wa zamani mpaka ing'ae, anaikausha, anaifunga kwenye kitambaa na kumkabidhi mwenye gari. Mafundi wenzake walimcheka kwamba anaosha maiti. Yeye alijibu kuwa ndivyo alivyofundishwa kazi: mwenye gari aone kwa macho yake kilichokuwa kinamsumbua, asiambiwe tu.

Alinichukua nikiwa na miaka sita. Nilikulia chumba cha mwisho, kilichopakana ukuta na gereji, na harufu ya petroli ndiyo iliyokuwa ikiniamsha. Kila jioni alinawa mikono mara mbili, akakaa kwenye stuli na kukagua madaftari yangu ya shule. Kusoma kwenyewe kulimpa tabu. Alifuata mstari kwa kidole, midomo inacheza, na alama za kidole hicho zilibaki kwenye kurasa hata angenawa vipi. Akimaliza analifunga daftari na kusema, "Safi, mwanangu." Nilipata mia alisema hivyo, nilipata ishirini alisema hivyo hivyo.

Gereji yake haikuwa na bango. Kazi ya bango ilifanywa na Mama Mkunga, mkunga mstaafu mwenye gari dogo la kijani, aliyezalisha nusu ya mtaa na kujuana na nusu iliyobaki. Mtu akilalamika kuhusu gari mbele yake, alimwelekeza kwa Sabuni kabla hajamaliza kulalamika. Ufunguo wake wa pili ulining'inia kwenye msumari wa gereji miaka kumi na minane. Alikuwa akiliacha gari asubuhi nikiwa shuleni, anakwenda zake bila kunijua hata sura, na hakuwahi kusimama juu ya kichwa cha mjomba kuangalia anafanya nini. Jina lile safi ndilo mali pekee aliyokuwa nayo mjomba, na mimi nililijua hilo kuliko mtu yeyote.

Nilipoomba kazi ya ukarani dukani, bosi aliniuliza kama nina ndugu fundi. Alikuwa na sababu zake. Karani aliyenitangulia alikuwa akimbadilishia shemeji yake spea mbovu kwa kisingizio cha waranti, hata zile ambazo duka halikuziuza. Nikasema sina ndugu fundi. Nilirudi nyumbani nikitegemea mjomba atanikemea kwa uongo huo, kumbe alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

"Basi dukani mimi sikujui," akasema. "Wewe utakuwa dada tu."

Ukawa mchezo wetu. Anaingia, anapangusa miguu, uso mkavu: "Dada, habari za kazi." Mimi nainama chini ya kaunta nikijifanya natafuta kalamu, kwa kuwa kicheko kimenibana. Jioni nikiwa "mwanangu" tena, ananiuliza yule karani mwenye maringo pale dukani ni mtoto wa nani. Hata nilipohamia chumba changu cha kupanga, mchezo uliendelea.

Sasa habari ya waranti. Spea ikiuzwa, kabla haijatoka mlangoni, naitia doa la rangi ya njano pale mfuniko unapokutana na mwili wake, na juu ya doa naandika mwezi. Ikifa ndani ya miezi sita na doa ni zima, tunabadilisha. Doa likipasuka, umeifungua. Doa lisipokuwepo, si ya kwetu, hata ukija na risiti, maana risiti inaonyesha kuwa ulinunua spea, haionyeshi kuwa ni hii uliyoishika. Halafu waranti ni ya spea peke yake. Kazi ya fundi haimo, wala kilichoharibiwa na spea hiyo hakimo. Sharti la nne linasema spea irudishwe kama ilivyotoka kwenye gari, isifutwe, isioshwe. Rangi yenyewe bosi hununua ile ya bei poa, na petroli huiondoa kwa mfuto mmoja.

Mwenye akili ataniuliza: ulijua mjomba wako anaosha kila kitu, ulijua rangi inatoka, mbona hukumwambia? Nimekuwa nikijiuliza hivyo kila siku. Bosi hakutaka tuwasomee wateja masharti, alisema yanawatia watu hofu wanaondoka bila kununua. Nyumbani nako habari za duka zilikuwa kichekesho tu. Lakini hizo ni sababu za kumpa mtu mwingine. Ukweli ni kwamba haikunipitia akilini kuwa masharti yale yanamhusu yeye. Niliyachapa kwa ajili ya wajanja.

Siku aliyokuja kununua pampu ya maji ya gari la Mama Mkunga, iliniteleza mkononi nilipokuwa naitia rangi, ikagonga sakafu ya saruji. Ukingo ukapata pengo dogo, saizi ya punje ya mchele. Mjomba akaigeuza geuza, akasema, "Dada, haijaanza kazi unaichapa?" na tukaishia hapo. Aliifunga siku hiyo hiyo. Ile ya zamani aliiosha, akaifunga kitambaani, akampa mwenyewe.

Wiki ya tano gari likachemsha njiani, Mama Mkunga akakaa saa nzima juani akimsubiri. Mjomba alimfuata kwa miguu na mkoba wa spana. Alikuta mhimili wa pampu umelegea na maji yanamwagika. Sijui mpaka leo kama ilikuja hivyo kutoka kiwandani au ni ule mdondoko wangu. Yeye hakuona kuwa hilo ni jambo la kuumiza kichwa. Alimwambia Mama Mkunga kuna waranti, na akamwomba waje pamoja dukani ili aone mwenyewe inavyobadilishwa. Kabla ya kuja, aliiosha.

Walifika saa nne asubuhi. Bosi alikuwa amesimama kando yangu. Mjomba alikiweka kitambaa juu ya kaunta, akakifungua kona moja moja, na pampu ikatokea inang'aa kuliko siku niliyomuuzia. Niliona pale pa doa pakiwa chuma kitupu. Nikaliona na lile pengo la ukingoni, punje ya mchele, mahali pale pale.

Bosi aliichukua, akaizungusha akitafuta njano, hakuiona. Akaitazama risiti, akairudia pampu. Kisha akanigeukia.

"Hii ni ya kwetu?"

Swali lilikuwa hilo, na jibu lake lilikuwa ndiyo. Ndiyo, nimeiuza kwa mkono huu, niliidondosha pale, pengo lake hili hapa. Angeniuliza nimeikumbukaje moja katika pampu arobaini, na mwenye pampu nimemjuaje. Ningemjibu, na kitumbua changu kingeingia mchanga mchana huo huo. Nililijua hilo lote katika muda wa kumeza mate.

"Haina alama," nikasema.

Nao haukuwa uongo, hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Bosi akaiweka chini, akamwelezea Mama Mkunga kwa adabu zote kwamba hata mwenye duka la jumla anakonunua yeye hapokei kitu kisicho na alama, mikono yake imefungwa. Akaongeza kuwa kuna mafundi wananunua kipya, wanafunga cha zamani kilichosafishwa, na kile kipya wanakiuza kwingine.

"Simsemi huyu, mama," akasema. "Nasema wapo."

Mama Mkunga akaitazama pampu ile inayong'aa, kisha akamtazama mjomba. Sijawahi kuona macho ya miaka kumi na minane yakibadilika kwa haraka hivyo.

"Nimeiosha," mjomba akasema. "Mimi huosha."

"Umeiosha ili iweje?" bosi akauliza.

Mjomba alikuwa hajawahi kuulizwa hilo. Akanitazama mara moja. Ingemtosha kusema kwamba huyu karani ni mpwa wangu, amekulia kwangu, mwulizeni kama kuna kitu nilichowahi kurudisha kichafu. Angesema hivyo angekuwa huru na kiti changu kingekuwa wazi. Naapa nisingemkana. Lakini nilimwachia yeye aseme, nikashika kalamu, nikingoja mzee aliyenilea achague kati ya jina lake na mshahara wangu. Alichagua bila kukawia. Akaikunja ile kona ya kwanza ya kitambaa, ya pili, ya tatu, ya nne.

"Asante, dada," akasema, na safari hii hapakuwa na mchezo ndani yake.

Kwenye kioo cha duka niliwaona wamesimama nje. Mama Mkunga hakupaza sauti. Alinyoosha kiganja tu, mjomba akaingiza mkono mfukoni mwa ovaroli, akautoa ule ufunguo wa pili akampa. Bosi akanambia niandike kwenye daftari kwamba dai limekataliwa, sharti la nne. Niliandika kwa mwandiko mzuri.

Mjomba alinunua pampu nyingine kwingine, akaenda kwa Mama Mkunga kumfungia bila malipo, akakuta gari limeshavutwa kwenda kwa fundi mwingine. Mama hakumchafua popote, na ningeona afadhali angemchafua, maana maneno hujibiwa. Aliacha tu kumtaja. Mtu akilalamika kuhusu gari mbele yake, alimpa pole. Mafundi wenzake ndio waliomalizia: wakasema Sabuni anaogesha spea vikongwe zinatoka mabinti. Mtaa ulicheka, nami nilicheka mara moja mbele ya bosi, kwa sababu alikuwa ananitazama.

Wiki tatu nilijiambia kesho. Ya nne nikajikaza, nikaenda kwa Mama Mkunga, nikamweleza yote: doa, petroli, pengo la ukingo, na kwamba Sabuni ni mjomba wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia chai, akanisogezea sukari.

"Siku ile nilikuangalia wewe, si bosi wako," akasema. "Nilijua karani hana cha kupata wala cha kupoteza. Ungesema ni ya kwenu, ningekuamini wewe."

Nikamwambia nasema sasa, ni ya kwetu.

"Sasa wewe ni mtoto wake, mwanangu. Ungesema nini kingine?"

Sikuinywa ile chai. Njia nzima nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia bosi, nikaikasirikia rangi ya bei poa, na hasira zote zilipokwisha kuzunguka zikarudi kwangu, maana mwanamke yule hakukosea. Neno langu lilikuwa na thamani siku moja tu, na siku hiyo nililificha.

Jumapili nikaenda kwa mjomba. Gereji ilikuwa imefagiwa, spana zimepangwa kwa ukubwa, na ndani hamna gari hata moja isipokuwa pikapu ambayo mwenyewe hajaonekana tangu mwaka jana. Msumari wa ufunguo bado ulikuwepo ukutani. Yeye alikuwa amekaa kwenye stuli ile ile ya madaftari, ameigeuza risiti yetu, anafuata sharti la nne kwa kidole, midomo inacheza.

Nilimwambia nimetoka kwa Mama Mkunga na hakuniamini. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeambiwa mvua haitanyesha. Nikamwambia nitamweleza bosi kesho, liwalo na liwe. Akasema nisiiharibu kazi kwa ajili ya pampu. Kisha akauliza, bila kunyanyua macho, maneno haya kayaandika nani.

"Mimi," nikasema.

Akarudi juu, sharti la kwanza, akashuka nayo yote moja baada ya jingine mpaka la saba, na nilisimama mbele yake muda wote huo nikingoja kama zamani. Alipomaliza aliikunja risiti mara mbili, akanirudishia. Alama ya kidole chake ilikuwa imebaki pembeni.

"Safi, dada," akasema.