Samaki wa Mfereji Ndani ya Kioo

Asubuhi niliyowakuta wametawanyika, hata chai haikupita. Samaki hawa wakiwa wazima huenda kundi moja, wakigeuka wamegeuka wote, kama watoto wa shule mstarini. Sasa mmoja pembe hii, mwingine ile, midomo juu wanatafuta pumzi.

Ngoja niseme walivyofika kwangu huku Same. Kwetu mlimani, Bombo, tulikuwa na msaragambo, kazi ya kijiji kizima, tunazoa tope kwenye ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia. Mfereji ukafungwa huko juu, samaki wakabaki wanarukaruka kwenye vidimbwi. Watu wakawaokota kulisha kuku. Mimi darasa la pili lilinishinda, lakini macho ninayo: hawa wadogo wenye mkia mwekundu nilikuwa sijawaona miaka. Nikawatia kwenye ndoo, nikashuka nao kwa gari la tangawizi. Tangawizi nayo siku hizi... basi, tuiache.

Binti yangu akaniletea tangi la kioo na kimashine cha kupuliza hewa. Akaja bwana samaki wa wilaya kutazama.

"Shikamoo mzee. Hawa mtoni nimewatafuta, sijawapata. Wakifa, sijui tutawatoa wapi tena."

Akaondoka, na usingizi wangu akaondoka nao.

Nikadhani ni maji yetu ya huku chini, yana chumvi. Nikaagiza madumu ya maji ya mlimani. Wapi! Nikapunguza chakula. Nikasogeza tangi mbali na dirisha. Mchana wanachangamka, wanarudi kundini. Kukicha wametawanyika tena. Nikafika mahali pa kumshuku jirani kwa kijicho, mzee mzima mimi, na kanisani nakwenda.

Jioni moja, jua linazama, naingia sebuleni, namkuta mke wangu amechomoa waya wa kimashine.

"Unafanya nini, mama?"

"Nafunga maji. Kila jioni nafunga mimi, asubuhi nafungua, wewe hufungi."

Baba yake alikuwa mlinzi wa ndiva. Jioni anaziba, maji yanajaa usiku kucha, asubuhi anawafungulia watu kwa zamu. Kwao maji yasiyolala hayafiki shambani.

"Hii siyo ndiva!"

"Ina maji, inafunguliwa, inafungwa. Ni nini, sufuria?"

"Hawa ni wa mfereji! Wanataka maji yanayotembea. Unawanyima pumzi!"

Akachomeka waya. Kimashine kimya. Akauchomoa, akauchomeka tena. Nikabonyeza taa: hakuna. Umeme umekatika. Nikakaa juu ya dumu.

Yeye akaenda jikoni, akarudi na kata. Akachota maji ya tangi, akayamwaga humo humo kutoka juu, yakapiga povu. Akachota tena.

"Usikae kama mgeni, mzee. Washa tochi ya simu. Nikichoka ni zamu yako."

Nikamulika. Wawili wakasogea chini ya yale maji yanayoanguka. Halafu wa tatu. Mmoja kwenye pembe hakusogea.

"Wanajikusanya?" nikauliza.

"Nitajuaje, na wewe unanimulika usoni?"

Nikaigeuza tochi, nikammulika yule wa pembeni. Akaendelea kuchota.