Pipa la Moto Alilolipima Mama

Nakumbuka Iddi moja ambayo mama yangu aliila chumbani, dirisha limefungwa, na sisi wengine wote tuko uani tunacheka. Nilimpelekea sahani mwenyewe. Akaipokea, akanishukuru kwa Kirundi, "Murakoze, mwanangu," akageukia ukutani. Nilitoka pale nikarudisha sahani yangu jikoni.

Mwanangu, juzi ulinionyesha kwenye simu yako lile jiko la moto la uani lisilotoa moshi, ukasema umenichagulia lile kubwa kabisa ili niwe ninaota moto na wajukuu. Sikukujibu. Ulidhani uzee umenizidi, sivyo? Jibu langu ni refu, na linaanza na aibu yangu, ndiyo maana nimelichelewesha.

Mama alichemsha mawese hapa Rumonge, kando ya ziwa, karibu maisha yake yote. Aliamka na moto, akashinda na moto. Kifua kikachoka, na daktari akamwambia waziwazi kwamba moshi kwake sasa ni sumu. Huyu ndiye aliyekuwa akikaa kwenye mafiga uani kwetu, akichoma mukeke wa kuwatosha watu kumi na wawili, na hakuna aliyekula mpaka akabidhiwe samaki wake kwa mkono wa mama. Tangu siku ile ya daktari, tukiwasha moto yeye anaingia ndani. Hakulalamika. Ila alianza kula kidogo na kuzungumza kidogo, nami nikaona kabisa kwamba mama anatuaga akiwa hai.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nina mke mpya na kichwa kikubwa. Nikasikia kuna fundi wa kuchomelea vyuma karibu na soko anayetengeneza jiko la pipa ndani ya pipa. Hewa inaingia kwa matundu ya chini, inapanda kati ya kuta mbili huku ikipata joto, inatokea kwa matundu ya juu upande wa ndani na kuuchoma moshi kabla haujatoka. Yalikuwepo madogo na makubwa. Nikachagua kubwa kuliko yote, kwa sababu wakwe zangu wa Gitaza walikuwa wanakuja Jumapili na nilitaka wauone moto wangu tangu barabarani. Nilisema nanunua kwa ajili ya mama. Kumbe nilikuwa nanunulia sifa zangu.

Jumapili nikaliweka chini ya dirisha la mama, ati apate kusikia gumzo. Nikalijaza makapi ya mawese, zile nyuzi zinazobaki baada ya kukamua, kwa kuwa zinashika moto haraka na zinapatikana bure. Tena nikarundika mpaka juu ya ukingo. Lo! Matundu ya juu yalikuwa yamefunikwa, sasa yachome moshi gani? Ukatoka mweusi, mzito, unanuka mafuta, ukaingia moja kwa moja dirishani. Wakwe wakaziba pua kwa heshima. Mke wangu Mwajuma akakimbilia chumbani, tukamtoa mama kwa mlango wa mbele mpaka kwa jirani, anakohoa hata miguu haimshiki. Nilidhani nimemuua.

Kesho yake nilikuwa nikimlaani fundi kwa sauti, mama akaniita. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Weye Ramadhani. Fundi ulimuuliza?"

"Ndiyo, mama."

"Na majirani?"

"Niliwauliza."

"Miye niliishi na moto miaka yote ile. Pipa iko yangu, na ni miye peke yangu hukuuliza. Kwani nimeshakufa?"

Mwanangu, nimewahi kupigwa, nimewahi kutukanwa. Hakuna kilichoniuma kama swali lile. Nikapiga magoti nikamwomba msamaha, naye akaniambia niache kuchafua suruali, nimpeleke kwa huyo fundi.

Tulikwenda taratibu, tukipumzika njiani. Alipofika hakutazama mapipa. Aliomba kigoda, akakaa, akanyoosha mkono mbele yake.

"Mukono yangu inaishia hapa," akamwambia fundi. "Pipa isipite hapa."

Fundi akacheka. "Mama, hiyo itakuwa kadogo sana!"

"Watu wangu wanakaa karibu-karibu. Miye sichomi ng'ombe."

Akaletewa dogo, akapitisha kidole kwenye matundu yake, moja moja. Mawili yalikuwa yamezibwa na mabaki ya chuma, akamfanya fundi ayatoboe upya mbele yake. Akadai na miguu mitatu, hewa ipate kupita chini. Fundi alikubali kubadilisha lile langu kwa lile dogo, na alipotuaga alikuwa akimwita mama patroni, yaani bosi wake.

Nyumbani alitwaa madaraka yote. Makapi yakatupwa. Kuni za mikaratusi zikapasuliwa nyembamba, zikaanikwa juani mpaka zikauke kweli. Pipa likakaa katikati ya ua, mbali na paa na kuta, baada ya yeye kutazama upepo wa ziwani unaelekea wapi.

Jumapili iliyofuata wakwe walirudi, naamini kwa udadisi kuliko upendo. Mama alisimama mlangoni, khanga puani. Nikapanga kuni chini ya matundu ya juu, nikawasha. Moshi mwepesi ukatoka, mama akarudi nyuma hatua moja. Mara matundu yakaanza kutoa ndimi za moto kuzunguka ukingo wote, na moshi ukaisha. Ukaisha kabisa, mwanangu!

Mama akashusha khanga. Akasogea, akavuta pumzi. Hakukohoa. Akavuta nyingine, ndefu, ya makusudi. Akaketi.

"Leteni mukeke," akasema.

Mwajuma alipiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia. Mimi nililia, na siwezi kusingizia moshi, maana haukuwepo. Mama akangoja miali itulie yabaki makaa, akachoma, akagawa kwa mkono wake akianza na wakwe, akimkaripia kila aliyeharakisha. Wa mwisho akala mwenyewe, akaomba mwingine. Aliishi nasi miaka mingi baada ya siku ile, na moto wa nyumba ile ulikuwa wake.

Basi, jibu langu ndilo hili. Chagua linalowatosha wanaoketi kwako, si la kuwashangaza wapita njia. Kagua matundu. Tumia kuni kavu, usizipandishe kupita matundu ya juu. Weka ndoo ya maji karibu, watoto wakae mbali, na usiliingize ndani hata mvua ikinyesha, kwa sababu makaa yanaua hata pasipo moshi. Lakini kubwa kuliko yote, kabla hujatoa hata faranga moja, kaa na yule unayemnunulia, umuulize, umngoje amalize kusema. Hili la sasa umesema ni langu. Njoo asubuhi twende wote, nikalipime mwenyewe.

Mungu akupe ua wenye watu, mwanangu, akupe kifua kizima na moto mwema, na watoto watakaokuuliza ungali na sauti ya kuwajibu. Amina.