Mlio na Mtetemo katika Gari la Daktari wa Mifugo

Watu walimwita Fundi Sikio. Ujanani, gari likiingia getini, alijua lina nini kabla dereva hajazima injini. Lakini kugonga vyuma miaka nenda miaka rudi kuna malipo yake. Masikio yalianza kuziba, kwanza la kulia, kisha la kushoto, naye akaficha. Akawa mtu wa kutikisa kichwa, na kucheka wenzake wanapocheka.

Mkewe, ambaye ni fundi cherehani, aliligundua jambo hilo siku alipompelekea chakula gereji. Jirani alipita, asimwone mke aliyesimama mlangoni, akauliza, "Fundi, mkeo hajambo?"

"Umechakaa sana huo," akajibu Fundi Sikio, kichwa kikiwa ndani ya boneti. "Nimeutupa. Mchana nafunga mwingine."

Alidhani ameulizwa habari za mkanda wa feni. Jirani alicheka hadi akashika ukuta. Mke hakucheka. Alingoja jirani aende zake, akamgeuza mumewe uso ili aone midomo yake.

"Baba, tangu lini husikii?"

"Tangu mvua za mwaka juzi." Na hapo hapo akamwambia ameamua kufunga gereji, maana fundi asiyesikia ni sawa na mpishi asiye na ulimi.

"Funga ukitaka," akasema mke. "Lakini kula kwanza."

Hajamaliza kula, akaingia daktari wa mifugo, mwanamke kijana mwenye mabuti ya mpira. Gari lake, lile la kuvuta kwa magurudumu yote manne analoendea mazizini, lilikuwa likilia na kutetemeka. Mafundi wawili walikwisha kulishika. Mmoja alibadili shokamzoba, zile za kupunguza mrusho, mwingine raba za kushikia injini, na bado.

Fundi Sikio alifungua mdomo amwambie akajaribu kwingine. Mkewe akawahi. "Tukaliendeshe kwanza, tulione."

Akapanda kiti cha nyuma bila kungoja jibu. Daktari akakaa mbele, fundi akashika usukani.

"Haya, mama, niambie unachosikia. Na usinipambie."

Walikwenda polepole. Mke akainama hadi kwenye sikio lake la kushoto. "Kuna kitu kinalia kwi-kwi-kwi, kama kifaranga. Ukiongeza mwendo nacho kinaongeza."

"Mbele au nyuma?"

"Chini yangu hapa." Akasikiliza tena. "Huu mlio naujua. Cherehani yangu ikikauka mafuta hulia hivi hivi."

Bega la fundi likashuka kama la mtu aliyetua mzigo. Walipofika kwenye lami akakanyaga mafuta. Kifaranga kikamezwa na mvumo wa matairi, na mtetemo ukaanza. Sasa zamu ikawa yake. Mikono haikuhisi kitu kwenye usukani, lakini kiti kilimtikisa mapaja. Akatia gia huru, akaliacha gari liserereke. Likaendelea kutetemeka vile vile.

"Si injini," akasema. "Na usukani umetulia, basi si mbele. Ni magurudumu ya nyuma, au kitu kinachozunguka nayo. Daktari, sote tumemsaka mwizi mmoja. Mimi naona wako wawili."

Gerejini alilala chini ya gari. Kwenye propela, ile fimbo ndefu inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, kiungo kimoja kilikuwa kimekauka grisi, kimezungukwa na vumbi jekundu la kutu. Huyo ndiye kifaranga. Akafunga kipya. Kisha akavua magurudumu ya nyuma. Ndani ya rimu moja, upande mmoja tu, matope yalikuwa yameganda kama tofali, na uzito huo wa upande mmoja ndio uliolitikisa gari.

Daktari akashika kiuno. "Lilikwama zizini, nikaliacha likalala pale. Tairi nikaziosha kwa nje."

"Kila mtu huosha kwa nje," akasema fundi, akampa bisibisi. Mkewe akachukua nyingine, wakabandua matope wote wawili huku wakizungumza habari za ng'ombe.

Walirudi barabarani. Mke alitega sikio safari nzima.

"Sisikii kitu," akasema.

"Hata mimi," akasema fundi.

Daktari ndiye aliyeanza kucheka, kisha fundi mwenyewe, hadi ikabidi aegeshe pembeni afute macho.

Gereji haikufungwa. Hospitali walimwambia sikio la kulia halirudi, ila la kushoto lingesaidiwa na kifaa kidogo cha kusikilizia. Anakivaa, hukivua anapogonga. Cherehani imehamia chumba cha mbele cha gereji, na mke amening'iniza pazia zito, kwani nguo za watu na grisi ni paka na panya. Wateja wakifika huuliza kwanza kama mama yupo. Mwezi huu ameanza kujifunza kuendesha. Jana gari lilimzimikia mara nyingi mlimani, mumewe akiwa kando yake, mkono juu ya dashibodi, akimwambia ajaribu tena.