Chupa ya Bluu Uani

Taa ya maabara ilikufa kwa kukosa umeme, nikaamua kutumia jua. Nilikuwa nasoma kemia chuo kikuu, Bujumbura, wakati wa vita, na mémoire yangu, tasnifu ya kumalizia masomo, ilihusu jambo ambalo mpaka leo naliona la ajabu. Molekuli ya mafuta imejaa kaboni zilizoshikana na hidrojeni. Ukitumia kemikali kali, unazivuruga ovyo. Lakini ukitia kichocheo, chumvi kidogo ya tungsteni, ukaianika kwenye mwanga, itachagua hidrojeni moja na kuing'oa, nawe unapachika kitu kingine mahali pake. Mjini nako watu walikuwa wakichaguliwa, mmoja mmoja, wa kuuawa. Nilipenda molekuli kwa sababu zenyewe hazizikwi.

Chupa ya mchanganyiko huo niliianika uani kwa mama, nyuma ya duka la vitambaa pale mtaa wa Asiatique. Jua la siku nne lingetosha. Ijumaa profesa wangu, wa mwisho aliyebaki, angeondoka na sampuli akaipime Ulaya. Bila kipimo hicho, diplome sina. Mchanganyiko uligeuka bluu, dalili kwamba kazi inaendelea, na mama akawa anauchungulia kama mboga jikoni.

Ikaja ville morte, mgomo wa kufunga mji mzima, barabara zikafungwa, nikakwama chuoni siku mbili. Risasi ziliposikika, mama alifanya kama kila mwanamke wa mtaa ule: alianua. Nguo, mikeka, mihogo, na chupa yangu. Nilirudi Alhamisi nikaikuta chini ya kitanda, gizani, rangi imepotea.

"Niliogopa risasi itaipasua, mutoto wangu. We ulisema ni maisha yako."

Nilimfokea. Mtu aliyekimbia uani chini ya risasi kwa ajili yangu, nilimfokea.

"Mama, hata mawe yanyeshe, usiitoe ku jua!"

"Sawa. Mi siitoi tena."

Profesa aliondoka Ijumaa hiyo, mikono mitupu. Sikumwambia mama kwamba chupa haina kazi tena. Niliona aibu, basi. Kila asubuhi aliianika mwenyewe, akaketi kando yake, akanionyesha kwa furaha jinsi bluu inavyorudi. Nami nilitikisa kichwa kukubali.

Jumatatu risasi zilianza tena. Majirani walianua vyao wakaingia ndani. Mama alibaki uani, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia.

Tulimzika kesho yake, haraka, kabla ya couvre-feu, saa ya kutotoka nje. Chupa tuliikuta nzima, bluu kabisa.